Muziki wa Laivu na Safari ya Matanga Karibi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ndiyo maswali yanayorudiwa na karibu kila anayepanga kushuka visiwa vya Karibi kwa tanga huku akifuata muziki. Ukiwa na haraka, anza na jibu kuhusu siku za wiki. Mipango mingine yote inategemea hilo.

## Mambo ya kwanza

Karibi ni kubwa. Muziki wenyewe uko wapi hasa?

Kila kisiwa kina wake. Anayeanza namshauri ashike upinde wa visiwa vidogo unaoshuka kutoka Visiwa vya Virgin hadi Grenada, kisha Trinidad. Visiwa hivyo vimekaribiana: mara nyingi unang'oa nanga alfajiri na kuitia kisiwa cha pili kabla ya magharibi. Upepo huvuma kutoka mashariki karibu mwaka mzima, kwa hiyo ukienda kaskazini au kusini unakupiga ubavuni na chombo kinakwenda bila kupiga bisho, yaani kwenda upogoupogo dhidi ya upepo, siku nzima.

Cuba yenye son na rumba, Jamhuri ya Dominika yenye merengue na bachata, Haiti yenye kompa, Jamaika yenye reggae: kote huko muziki ni wa kutosha maisha mazima. Shida ni kwamba viko upande wa demani, upepo unakoelekea. Kufika ni rahisi, lakini kurudi mashariki ni kupigana na upepo na mawimbi kwa siku nyingi. Barbados ni kinyume chake, iko joshi, upepo unakotoka, peke yake, na wengi huiona tu wakiwa wanatoka kuvuka Atlantiki.

Niende miezi gani?

Desemba hadi Mei. Msimu wa vimbunga huhesabiwa kuanzia 1 Juni hadi 30 Novemba. Mwishoni mwa Desemba na Januari upepo huwa mkali zaidi, na mabaharia wa huko huuita upepo wa Krismasi. Ni wakati mzuri wa kutulia bandari moja badala ya kukimbiza visiwa. Februari ni ya Kanivali. Aprili na Mei bahari hulainika na matamasha madogo huwa mengi. Ukilazimika kubaki baada ya hapo, angalia swali la msimu wa vimbunga.

Lazima nijue kupiga ala?

Hapana. Muziki mwingi wa huko una mwimbaji kiongozi na waitikiaji, na kazi ya waitikiaji haihitaji cheti. Ukiweza kupiga makofi bila kukimbia mdundo, una nafasi.

Sina boti. Nifanyeje?

Wapo manahodha wanaotafuta mabaharia wa kuchangia chakula na zamu za usiku, hasa Desemba baada ya boti nyingi kuvuka kutoka Visiwa vya Kanari na kufika Rodney Bay, Saint Lucia. Unaweza pia kukodi boti na wenzako. Njia ya tatu, inayodharauliwa bila sababu, ni feri kati ya Guadeloupe, Dominica, Martinique na Saint Lucia. Kabla ya kukata tiketi ya ndege, soma jibu la viza.

## Wapi na lini

Kuna ratiba ya kudumu, au ni bahati tu?

Ratiba ipo, na ni ya siku za wiki. Wageni wengi hupanga safari kwa ramani: leo kisiwa hiki, kesho kile. Matokeo yake wanafika Antigua Jumatatu, wanaambiwa sherehe ilikuwa jana. Panga kwa siku, halafu ramani iifuate.

Jumapili jioni Antigua ni ya Shirley Heights, ngome ya zamani juu ya kilima kinachoitazama English Harbour. Bendi ya ngoma za chuma huanza jua likiwa bado juu, kisha giza likiingia hupanda bendi ya reggae na soca. Kuna njia ya miguu inayopanda kutoka bandarini. Panda kabla ya joto kuisha ili upate pa kukaa, na uwe na tochi ya kushukia. Ni mahali pa watalii, ndiyo, lakini wapigaji ni hodari na kiingilio hakiumi.

Ijumaa usiku Saint Lucia watu humiminika mitaa ya Gros Islet, hatua chache kutoka Rodney Bay. Nikuambie ukweli: hapo utakuta maspika makubwa na samaki wa kuchoma kuliko wapigaji wa laivu. Nenda kucheza. Barbados nayo ina Ijumaa yake ya samaki huko Oistins.

Jumapili Portsmouth, Dominica, chama cha vijana wanaohudumia boti, PAYS, huandaa nyama na samaki wa kuchoma ufukweni, na muziki haukosi. Jumapili mchana kusini mwa Grenada, mabaharia hukusanyika kwenye kibanda cha kisiwa kidogo cha Hog. Ratiba hizi hubadilika mwenye ukumbi anapougua au kimbunga kinapopita, kwa hiyo uliza kwa redio au simu kabla ya kufungua tanga.

Trinidad inastahili safari yote ile?

Inastahili, na kama ungeweza kufika mahali pamoja tu ningekuambia ni hapo, wiki mbili au tatu kabla ya Kanivali yenyewe. Kanivali ni Jumatatu na Jumanne kabla ya Jumatano ya Majivu, hivyo huangukia Februari au mwanzoni mwa Machi. Kabla yake, bendi za ngoma za chuma, ambazo wenyewe huziita pan, hufanya mazoezi usiku kwa usiku katika viwanja vyao vya wazi. Wanajiandaa kwa Panorama, shindano lililoanza mwaka 1963. Unaingia, unanunua kinywaji, unasimama kando na kusikiliza.

Bendi kubwa huwa na wapigaji zaidi ya 100, wengi wao watu wa kazi za kawaida na wanafunzi waliokuja baada ya saa za kazi. Hawasomi noti. Mwalimu anapiga kipande kifupi, wanakirudia, anakisahihisha, wanakirudia tena mpaka msikilizaji anataka kuondoka. Rudi wiki inayofuata. Vile vipande vimeungana, kasi imepanda, na sauti unaisikia kifuani kabla haijafika masikioni. Fainali ni nzuri, lakini pale unakaa mbali na jukwaa na unasikia kila bendi mara moja tu. Uwanjani unasimama hatua mbili kutoka kwa mpigaji na unauona wimbo ukijengwa. Renegades wako mtaa wa Charlotte, All Stars mtaa wa Duke, Invaders barabara ya Tragarete, wote katika Port of Spain.

Ala hii ilizaliwa kwa kunyimwa nyingine. Serikali ya kikoloni ilizibana ngoma za ngozi miaka ya 1880 baada ya ghasia za Kanivali, watu wakageukia kugonga mianzi ardhini, kisha makopo na vyuma. Kufikia miaka ya 1940 walikuwa wamegundua kwamba uso wa pipa ukigongwagongwa vizuri hutoa noti nyingi. Jamaa wanaokuonyesha bendi yao wanaijua historia hii vizuri. Waulize.

Upande wa usafiri: boti nyingi hukaa Chaguaramas, magharibi mwa jiji. Kutoka Grenada ni kama maili 80 za baharini, na wengi huzisafiri usiku. Yamewahi kutokea mashambulizi ya wizi njiani, kwa hiyo andikisha mpango wako kwa walinzi wa pwani wa Trinidad na uongozane na boti nyingine ukiweza. Mjini usiku tumia dereva wa teksi unayemjua. Na ukifika Desemba badala ya Februari, tafuta parang: nyimbo za Krismasi za Kihispania, gitaa dogo la nyuzi nne liitwalo cuatro, na manyanga, kikundi kikizunguka nyumba kwa nyumba.

Visiwa vya Kifaransa je? Tunasikia zouk tu.

Zouk mnaijua kupitia Kassav', kundi lililoanzishwa mwaka 1979 na Pierre-Édouard Décimus na Jacob Desvarieux, na kupitia nyimbo za mapenzi za Bongo Fleva zilizoazima mwendo wake. Lakini chini ya zouk kuna ngoma. Guadeloupe ina gwo ka, iliyoingizwa kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2014. Ngoma za boula hushika mdundo usiobadilika. Ngoma moja ya sauti ya juu, makè, humjibu mchezaji. Mchezaji ndiye anayeongoza: mguu wake ukisita, makè anasita naye. Aliyekulia kwenye ngoma za pwani ataelewa mara moja kinachoendelea, hata kama hajui Kikreoli. Usiku wa ngoma hizi huitwa léwòz, na hutangazwa vijijini zaidi kuliko kwenye vitabu vya watalii. Muulize muuza mkate.

Martinique ina bèlè. Mpigaji hulaza ngoma chini, huikalia kama farasi na kubadilisha sauti kwa kuikandamiza ngozi kwa kisigino, huku mwenzake nyuma yake akigonga ubavu wa ngoma kwa vijiti viwili. Boti nyingi ziko kusini, Le Marin na Sainte-Anne, lakini bèlè ina mizizi Sainte-Marie, upande wa pili wa kisiwa. Kodi gari, usijaribu kuzunguka kwa boti, upande ule wa Atlantiki ni mkali.

Ni kisiwa gani kidogo nisikipite?

Carriacou, kisiwa cha Grenada. Kina ngoma iitwayo Big Drum, inayopigwa kwa ngoma tatu, huku wanawake wakiongoza nyimbo na manyanga. Nyimbo za zamani zaidi hupangwa kwa mataifa ya Afrika ambayo mababu walitolewa: Kromanti, Igbo, Manding, Kongo na mengine. Familia bado hujua taifa lao. Ngoma hii huchezwa kwenye kumbukumbu za marehemu, kwenye shughuli za shukrani, na chombo kipya kinaposhushwa majini. Kijiji cha Windward bado kinajulikana kwa kuunda mashua za mbao ufukweni. Ukisikia kwamba kuna ushushaji, ahirisha kila kitu.

Aprili kuna tamasha la Maroon na bendi za nyuzi, fidla na banjo zikiwa mbele. Desemba kuna la parang. Kimbunga Beryl kilikipiga kisiwa tarehe 1 Julai 2024 na kuharibu majengo mengi pamoja na boti zilizojificha mikokoni, kwa hiyo uliza kipi kimefunguliwa, na ununue kwa wenyeji.

Matamasha mengine ya kuweka kwenye kalenda?

Bequia, Januari: bendi za visiwa na wageni, na unaweza kutia nanga Admiralty Bay na kwenda kwa kiboti. Anguilla, Machi: Moonsplash ya mwanamuziki Bankie Banx, ufukwe wa Rendezvous Bay, acha boti Road Bay uchukue teksi. Saint Lucia, Mei: jazi. Marie-Galante, wikiendi ya Pentekoste: Terre de Blues. Dominica, mwisho wa Oktoba: tamasha la muziki wa Kikreoli, lakini huo ni msimu wa vimbunga. Mkesha wa mwaka mpya, Great Harbour ya Jost Van Dyke hujaa hadi boti zinagusana. Nanga za wengi hupandana. Mimi ningelala ghuba ya jirani.

Nikibaki msimu wa vimbunga, muziki unaisha?

Hauishi, unahamia kusini. Bima nyingi huzitaka boti zishuke hadi Grenada au Trinidad, na hapo ndipo mabaharia hukaa miezi mitatu, minne bila kuondoka. Kwa kupiga pamoja huu ndio wakati bora, maana bendi za botini hupata muda wa kufanya mazoezi. Grenada ina Kanivali yake Agosti. Ghuba za kusini zimewahi kuwa na matamasha ya majini ambapo bendi hupiga juu ya chombo kilichotia nanga na wasikilizaji hufunga viboti vyao vya mpira kimoja kwa kingine. Usisahau kwamba kimbunga Ivan kiliipiga Grenada mwaka 2004: kusini hupunguza hatari, hakuiondoi.

## Kupiga pamoja

Nitawapataje wapigaji wengine?

Redio ya asubuhi. Bandari zenye boti nyingi huwa na kipindi cha mabaharia kwenye VHF, redio ya mawasiliano ya botini. Grenada kwa miaka mingi ni saa moja na nusu, chaneli 66. Kuna sehemu ya matangazo: sema jina la boti, ala yako, na lini. Usitangaze kwenye chaneli 16, hiyo ni ya kuitana na ya dharura. Siku hizi vikundi vya WhatsApp vya kila bandari hufanya kazi hiyohiyo.

Ya pili ni kupiga peke yako nje, jioni, kwa sauti ya chini. Boti ya jirani yenye mpiga gitaa haitavumilia dakika ishirini.

Tupige nyimbo gani?

Zenye kodi (chords) tatu na kiitikio ambacho watu wanakijua. Mkusanyiko wa botini una Mfaransa, Mjerumani, Mkanada na mzee wa kisiwani. Wimbo wenye mageuzi kumi na mawili utapigwa na mmoja. Taja ufunguo kwa sauti kabla ya kuanza, mpe kila mtu zamu, na kama gitaa ni manne, mawili yanyamaze. Wimbo wa Kiswahili wenye kiitikio kifupi huingia vizuri sana, na utaombwa uurudie bandari tatu mbele.

Naweza kuingia kati na kupiga na wenyeji?

Inategemea ni wapi. Kwenye kibanda cha pombe chenye gitaa ukutani, nunua kinywaji, sikiliza nyimbo kadhaa, halafu umwulize mwenyewe. Kwenye mzunguko wa gwo ka au bèlè usiguse ngoma bila kualikwa, na ukialikwa utapewa boula: kaa hapo, shika mdundo, usichombeze. Makè ni ya mtu aliyejifunza miaka. Big Drum ya kumbukumbu ya marehemu ni ibada ya familia. Simama pembeni na ufuate wanavyokuelekeza. Uwanja wa pan nao una taratibu zake, na wiki za mwisho kabla ya Panorama hakuna anayekuwa na muda wa kumfundisha mgeni. Nje ya msimu, muulize mwalimu.

Watu wa huko wanaonaje Mwafrika akifika kwa boti?

Kwa mshangao kwanza, halafu maswali hayaishi. Wengi wana hamu na Afrika, ila Afrika wanayoijua kwenye nyimbo ni ya magharibi na ya Kongo. Jiandae kueleza kwamba pwani yetu ni bahari nyingine kabisa, na taarabu ina fidla na ganuni.

## Ala botini

Gitaa gani linavumilia chumvi?

La nyuzi bandia ndilo la bei nafuu na la busara; nyuzi za chuma hushika kutu kwa wiki chache. Gitaa lenye mwili wa kaboni halijali unyevu, lakini bei yake hujali mfuko wako. Gitaa la mbao nzima la thamani liache nyumbani. Lolote ulilo nalo likae kwenye kasha gumu, mbali na dirisha na injini, pamoja na pakiti za kunyonya unyevu. Ukulele, melodika na harmonika hazina presha. Pan ni ala ya chuma: inaota kutu, na ikipoteza sauti inahitaji fundi, si bisibisi.

Nina klarineti ya mbao. Niilete?

Klarineti nzuri nyingi hutengenezwa kwa mpingo, mti wetu wa Tanzania na Msumbiji, na mpingo hupasuka unyevu na joto vikibadilika ghafla. Chukua ya plastiki. Kuhusu mipaka: mpingo uko chini ya CITES, mkataba wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, lakini tangu Novemba 2019 ala zilizokamilika za mbao za jamii hiyo zimesamehewa vibali. Msamaha huo hauhusu gitaa la zamani lenye mbao za Dalbergia nigra ya Brazil, wala ala yenye pembe za ndovu.

Amplifaya inakula umeme kiasi gani?

Kidogo, ukichagua ya betri. Kwenye boti wati tano zinatosha kumwamsha jirani. Soma jibu linalofuata.

## Adabu, usalama na sheria

Mwisho wa kupiga kelele ni saa ngapi?

Sauti husafiri juu ya maji kuliko unavyodhani, na usiku huchelewi kusikika ghuba nzima. Mabaharia hulala mapema. Watani wao husema usiku wa manane wa baharia ni saa tatu. Vyombo vya umeme vizimwe saa nne, gitaa tupu liendelee polepole. Waalike majirani: aliyealikwa halalamiki.

Kurudi kwenye boti usiku kuna hatari gani?

Hapa ndipo watu huumia kweli, kuliko kwenye dhoruba. Viboti visivyo na taa hugongana gizani. Beba taa, vaa jaketi la kuokolea, funga kamba ya kuzimia injini mkononi, na mmoja wenu asinywe. Kiboti kifungwe kwa mnyororo gatini, na ukifika kipandishe juu ya maji, vinaibwa. Acha taa ya mlingoti ikiwaka kabla ya kuondoka, maana jua huzama karibu na saa kumi na mbili jioni na giza halisubiri.

Tukipewa pesa kwa kupiga, ni sawa?

Kwa malipo unahitaji kibali cha kazi, na uhamiaji wa visiwa vidogo hujua nani amepiga wapi. Chakula na vinywaji vya bure kwa kawaida havileti shida. Sahani ya sadaka iweke tu kama mwenye ukumbi ameridhia, na isije ikachukua nafasi ya bendi ya wenyeji.

Wewe ukiwa msikilizaji, toa. Dola ya Karibi Mashariki ni 2.70 kwa dola moja ya Marekani, na visiwa vya Kifaransa hutumia yuro. Kuwa na noti ndogo.

Nina pasipoti ya Afrika Mashariki. Viza?

Kila kisiwa kina sheria yake, na hubadilika. Uliza ubalozi husika kwa kila kituo. Mambo mawili huwakwaza wengi. Viza ya kawaida ya Schengen haikuingizi Guadeloupe wala Martinique isipokuwa imeandikwa hivyo. Na Puerto Rico na Visiwa vya Virgin vya Marekani vinahitaji viza ya Marekani.

Ukifika kwa ndege kujiunga na boti, shirika la ndege litadai tiketi ya kuondokea. Beba barua ya nahodha na nakala ya hati za boti. Ukishuka au kupanda boti, jina lako libadilishwe kwenye orodha ya mabaharia pale uhamiaji, usiache nahodha aseme "tutafanya kesho".

Tukifika kisiwani usiku na muziki tunausikia, tunaweza kwenda?

Hapana. Mpaka nahodha aingie forodha na uhamiaji, bendera ya njano iko juu na nyote mko botini. Ndiyo maana nasema fika Alhamisi kwa sherehe ya Ijumaa.

Naweza kurekodi?

Jukwaani ndiyo. Kwenye mazoezi ya Panorama uliza kwanza, kwa sababu bendi hushindana na hazipendi mpangilio wao uvuje. Kwenye shughuli za kifamilia weka simu mfukoni.

Kuna nguo nisizovae kwenye sherehe?

Mabakamabaka ya kijeshi. Trinidad, Barbados, Saint Lucia, Grenada, Antigua na vingine kadhaa vinayapiga marufuku kwa raia, hata kofia, hata kaptura ya mtoto.